L ya Kulia

Kwaya ya kigango kimoja pale Mlandege, mjini Iringa, ilikuwa na walimu wawili. Wa kwanza alikuwa mzee Bartholomeo, mwalimu mstaafu wa hesabu, mfupi wa kimo na mfupi zaidi wa subira. Wa pili alikuwa kidude cheusi cha kupigia muziki, kinachoenea kiganjani, ambacho wanakwaya walikibatiza jina la Kasuku kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurudia aliyoyaimba Bartholomeo, bila kuchoka na bila kugombeza mtu. Ukiwauliza wanakwaya wenyewe, huyo wa pili ndiye aliyependwa zaidi.

Kwaya ile haikuwa na msomaji wa noti hata mmoja. Bartholomeo akitunga wimbo alikwenda studio mjini, akafungiwa chumbani, akaimba sauti zote nne peke yake, moja baada ya nyingine. Hata ya kwanza, ile ya akina mama, alibana koo akaiimba mwenyewe, na siku ya kwanza mwenye studio alifungua mlango kumuuliza kama anajisikia vizuri. Kisha sauti ziliwekwa ndani ya Kasuku kwa mpango maalumu: hedifoni ya upande mmoja unasikia sauti yako wewe, ya upande wa pili unasikia sauti za wenzako. Baada ya hapo Kasuku alizungushwa nyumba hadi nyumba. Leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule, na wiki chache zikipita wimbo umeingia kwenye vichwa vya watu ishirini na sita.

Ili masikio yasichanganywe, Bartholomeo alitunga kanuni, maana mtu wa hesabu bila kanuni halali usingizi. Kwenye hedifoni kulikuwa na herufi mbili, L na R. "L ya kulia, R ya rafiki," alisema. Yaani L unaiweka sikio la kulia, na hapo utasikia sauti yako. R unaiweka sikio lingine, utasikia rafiki zako. "Fuata sikio la kulia," alizoea kuhimiza. "La kushoto ni la kusindikiza tu." Kanuni hiyo iliandikwa kwa kalamu nyekundu, ikabandikwa kwenye boksi la Kasuku, na wanakwaya waliijua vizuri kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao. Wapo walionung'unika kwamba hedifoni zile zinaumiza masikio. Walijibiwa kwamba vitu vya kutoka nje ndivyo vilivyo.

Mtu mmoja tu hakuifuata, naye ni Gloria, fundi cherehani, mashoto wa kuzaliwa, mwenye mdomo mkali kama mkasi wake. "Hiki kimekatwa kwa sikio la kushoto," alisema siku ya kwanza, akiigeuza hedifoni yenye L mbele ya macho. "Tazama kilivyopinda. Mkono wa shati wa kushoto huwezi kuushonea kulia ukasema umependeza." Bartholomeo alimwambia asimletee ushonaji kwenye muziki. Gloria akaivaa anavyotaka yeye.

Na kweli, Gloria alikuwa na kasoro. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya yeyote pale, lakini alikuwa anahama. Anaanza vizuri na sauti ya kwanza, katikati ya ubeti ameshahamia ya pili, na mkimwacha anafika mpaka kwa wanaume. Mwishowe akawekwa mstari wa nyuma, ubavuni kwa Liberatus, mwenyekiti wa kwaya, mwenye besi nzito ya kufunika makosa ya jirani. Aliyetoa wazo la kumpeleka nyuma alikuwa Evarista, na Gloria alilijua hilo, na Evarista alijua kwamba Gloria analijua.

Evarista huyu ndiye tunayemfuata. Alikuwa na duka la steshenari karibu na kituo cha bajaji, la kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Mchana kutwa alinakili vya watu: vyeti vya watu, barua za watu za kuomba kazi, vipeperushi vya misiba ya watu. Kwenye kwaya ndipo alipokuwa na kitu chake mwenyewe. Kwa hiyo Bartholomeo alipoamua uzeeni kwenda Chunya na shemeji yake kutafuta dhahabu, akamwita pembeni na kumkabidhi Kasuku, Evarista alilia kidogo, akasingizia vumbi.

"Nakuachia kwaya mpaka nirudi," Bartholomeo alimwambia. "Humo kuna wimbo wa mvua, niliutungia jubilei ya wenzetu wa Mbeya. Beti mbili mnazijua, wa tatu bado. Wa tatu ndio wimbo wenyewe. Mtunze huyu."

Liberatus naye hakukawia kumweleza hali ilivyo. Wapo wanakwaya waliotaka kutafutiwa mwalimu mwingine, aliyesoma, mwanaume ikiwezekana. Wamekubaliana kusubiri jubilei. "Mbeya ndio mtihani wako, dada Eva," alisema. "Tukiimba vizuri, kwaya ni yako. Tukiaibika, sitakuwa na la kukutetea." Evarista aliitaka ile kazi kiasi kwamba hakuweza kuisema kwa sauti hata kwa mume wake.

Sasa, Jumatano moja asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, alimchomeka Kasuku kwenye kompyuta ya dukani ili amchaji. Ujumbe ukatokea kwenye kioo: kuna toleo jipya la programu ya ndani ya kifaa hiki, litaleta sauti safi zaidi, je, unakubali? Mtu mwingine angekataa. Lakini Evarista alikuwa ndiye mtu wa kompyuta wa kigango kizima, anayeitwa hata na padre printa ikigoma, na mtu wa aina hiyo akiona neno "jipya" mkono unamwasha. Akakubali. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Kumi kwa mia. Thelathini. Hamsini. Ulipofika sitini na nne, umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, Kasuku alikuwa harudii chochote tena. Ukimwasha anaonyesha nembo ya waliomtengeneza, basi. Haendi mbele, harudi nyuma. Ukimchomeka, kompyuta haimtambui, kana kwamba hawajawahi kuonana. Evarista alimwasha na kumzima mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki akamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Alhamisi saa kumi jioni kwaya ilikusanyika ukumbini kwa mazoezi. "Kasuku yuko wapi?" aliuliza Liberatus. "Zamu yangu ya ubeti wa tatu ni leo."

"Anachajiwa," alijibu Evarista.

Hilo neno lilimtoka lenyewe. Angekuwa amelifikiria, huenda angepata uongo mzuri zaidi. Lakini lilishatoka, na kazi ya uongo wa kwanza ni kuajiri wengine. Jumamosi Kasuku alikuwa bado anachajiwa. Jumapili baada ya Misa chaja ilikuwa ndiyo mbovu. Muda wote huo Evarista aliwaimbisha beti mbili wanazozijua, wakaziimba mpaka zikaota sugu, na Gloria kule nyuma akasema, si kwa sauti ndogo, kwamba mvua ya mwaka huu haina ubeti wa tatu.

Kwa siri Evarista alikuwa anahangaika. Fundi mmoja wa mjini alimtikisa Kasuku sikioni, akasema huyu amekufa, nunua mwingine. Mwenye studio alishafuta kila kitu zamani kupata nafasi. Simu ya Bartholomeo haipatikani, maana huko machimboni mtandao unapandiwa mlimani. Alimwandikia ujumbe mfupi tu: "Shikamoo mwalimu. Kasuku hasemi. Nisamehe." Ujumbe ukaenda ukakaa huko unakokaa.

Ijumaa aligundua kwamba kwenye boksi la Kasuku, chini ya ile kanuni nyekundu, kulikuwa na namba ya aliyemuuza: Lusekelo, kibanda cha vifaa, soko la Mwanjelwa, Mbeya. Alipiga, simu ikapokelewa na mtu anayeongea chini chini.

"Niko msibani Kyela, mama," alisema Lusekelo. "Mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Lakini sema tu, nasikiliza. Imekwama kwenye logo?"

"Imekwama."

"Ilikuwa inajipandisha toleo, umeme ukakata?"

Evarista alishangaa jinsi dhambi yake ilivyokuwa ya kawaida. "Ndiyo, baba."

"Basi haijafa hiyo. Programu imeingia nusu. Nyimbo ziko palepale, usiwe na hofu. Hawa wana mlango wao wa dharura. Izime kabisa. Shika kitufe cha L, usiachie, halafu chomeka waya kwenye kompyuta, uhesabu mpaka kumi. Kompyuta itaiona. Itakuuliza urekebishe au ufute. Ukigusa kufuta, mimi sipo. Rekebisha. Umenielewa?"

Alielewa kila kitu. Kasuku alikuwa na vitufe viwili chini ya kioo, kimoja kila upande. Zamani viliandikwa L na R, lakini vidole gumba vya watu ishirini na sita kwa miaka minne vilishafuta herufi zote. Hilo halikumsumbua Evarista hata kidogo. L ilipo anapajua usingizini. Akashika kitufe cha kulia, akachomeka, akahesabu mpaka kumi. Hakuna. Akahesabu mpaka ishirini. Akabadilisha waya. Akapiga ishara ya msalaba. Akajaribu Jumamosi, akajaribu Jumatatu, jumla mara arobaini hivi, na kila jioni akampigia Lusekelo, na kila jioni Lusekelo akasema, "Haiwezekani, mama. Umeishika L kweli?" Naye akaapa kwamba ameishika.

Jumanne, zikiwa zimebaki siku tano, uongo ulimwishia. Alisimama mbele ya kwaya na boksi la Kasuku mkononi. Alikuwa amejiandaa kusema kwa utulivu, lakini alipowaona wamekaa wakimsubiri, wengine wametoka shamba moja kwa moja na matope miguuni, akaona haya.

"Kasuku hachajiwi," alisema. "Nilimharibu mimi. Nilikubali toleo jipya bila kumuuliza mtu, umeme ukakata katikati. Ni siku ya sita leo nawadanganya. Ubeti wa tatu umo humu ndani, kuna fundi ananielekeza kwa simu, na bado sijui namna ya kuutoa. Mkitaka mwalimu mwingine, nitamkabidhi boksi leo hii."

Evarista alimtazama Gloria, kwa sababu alitaka pigo lake lije kwanza liishe. Gloria alikuwa anatoa uzi kwenye ukingo wa blauzi yake, hakuinua uso.

"Siku sita," alisema Liberatus, akiwa ameumia kweli. "Nami nikawa nawaambia watu chaja za siku hizi hazina maana." Kisha besi yake ikarudi. "Haya. Huyo fundi wa simu yupo hewani? Twende huko dukani tukaone wote."

Wakaenda, watu ishirini na kitu wakivuka barabara kwa pamoja, na madereva wa bajaji wakavua kofia wakidhani ni msiba. Duka lilijaa, waliokosa nafasi wakabaki mlangoni. Gloria aliegemea fremu ya mlango, mikono ameikunja kifuani. Evarista akampigia Lusekelo, akaweka simu juu ya mashine ya kopi ili wote wasikie.

"Kamwene, fundi," alisalimia Liberatus kuelekea kwenye simu, kwa sauti ya kufika Kyela bila mtandao.

"Kamwene, wazee. Naomba msipige kelele sana, hapa watu wanasali. Mama, izime. Umeshazima? Shika L."

"Nimeshika."

"Chomeka."

"Nimechomeka." Kwaya nzima ikahesabu mpaka kumi. Kioo cha kompyuta hakikutikisika.

Lusekelo alihema. "Mama. Hebu niambie. Hiyo L unayoshika iko upande gani?"

"Upande wake. Kulia."

"Kulia kwa nani?"

Evarista aliona hili swali linataka jibu rasmi, na si yeye peke yake. Kabla hajafungua kinywa, kwaya yote, sauti nne kwa mpigo, ilikariri: "L ya kulia, R ya rafiki."

"Nani kawafundisha hivyo?" aliuliza Lusekelo.

"Mwalimu Bartholomeo," alisema Liberatus.

"Anafundisha somo gani?"

"Hesabu."

"Ahaa," alisema Lusekelo, kwa upole wa mtu aliye msibani. "Wazee wangu, L ni lefti. Lefti ni kushoto. Ni Kizungu hicho, hakijui kulia yenu."

Duka likalipuka. Wengine walisema fundi mwenyewe ndiye amechanganyikiwa kwa majonzi. Liberatus akasema haiwezekani, wameimba Krismasi nne kwa L ya kulia na askofu akawapongeza. Mama mmoja wa sauti ya pili akashika sikio lake, akalipapasa taratibu, uso wake ukaanza kubadilika. Kisha mmoja akageuka kutazama mlangoni, na mwingine, na mwingine, mpaka wote wakawa wanamtazama Gloria.

Gloria hakusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kwaya ile.

Evarista alikuwa amejiandaa kuaibika kwa sababu ya umeme, si kwa sababu ya herufi. Akamnyooshea Kasuku. "Njoo ushike wewe," alisema. "Mkono wangu umeshazoea vibaya."

Watu wakasogea, Gloria akapita. Akamchukua Kasuku kwa mkono wa kushoto, mkono ambao utoto mzima alipigwa vibao akiupeleka kwenye ugali, akabana kitufe cha kushoto kwa kidole gumba. Evarista akachomeka waya. Hawakufika hata nne. Kompyuta ikalia, dirisha likafunguka kwenye kioo, na watu waliokuwa nyuma wakauliza kuna nini, kuna nini, mpaka wakaambiwa.

"Imeonekana?" aliuliza Lusekelo. "Rekebisha, mama. Rekebisha."

Evarista alisoma mara tatu kabla ya kugusa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa upya. Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba umeme ni uleule. Liberatus akaenda kusimama karibu na swichi, ingawa hakuna alichoweza kuifanyia. Arobaini. Hamsini na tano. Ulipofika sitini na nne taa ya dukani ikafifia, ikatetemeka, na mwanakwaya mmoja akaanza Salamu Maria bila kuombwa. Taa ikatulia. Sitini na tano. Sabini. Watu wakaanza kupumua tena mmoja mmoja, na mia ilipotimia Kasuku akazima, akawaka, akaonyesha nembo yake ileile, akakaa nayo muda wa kutosha kumzeesha Evarista, kisha akaleta orodha ya nyimbo. Wimbo wa mvua ulikuwa wa kwanza.

"Ndaga fijo, fundi," alishukuru Evarista, kwa kuwa Kinyakyusa chake kilikuwa ni hayo maneno mawili tu na alitaka kuyatoa yote.

Wengine walishaanza kuimba barabarani. Evarista alibaki amemshika Kasuku, na kichwani mwake kitu kilikuwa kinajipanga polepole, kama karatasi inavyotoka kwenye mashine. Sauti yako imo kwenye L. Wote tumevaa L sikio la kulia, tukaambiwa tufuate la kulia. Gloria alivaa L kushoto, inapostahili. Naye akaambiwa afuate la kulia.

"Gloria," aliita. "Siku zote mwalimu akisema fuata sikio la kulia, wewe ulikuwa unafuata lipi?"

"La kulia," alisema Gloria. "Mimi mbishi wa kuvaa. Wa kuimba si mbishi. Nilifanya nilivyoambiwa."

Evarista alichukua hedifoni. Ile yenye L akaiweka mwenyewe kwenye sikio la kushoto la Gloria, ikaingia vizuri bila kusukumwa. Akatafuta sauti ya kwanza, ubeti wa tatu, akabonyeza. "Usifuate la kulia," alisema. "Fuata la kushoto."

Gloria alisikiliza akiwa ametazama sakafu. Ubeti ukaisha, akaurudia. Kisha akaanza kuimba juu yake, chini chini kwanza, halafu kwa sauti yake yote. Wakaacha kuimba kule nje. Aliimba sauti ya kwanza kutoka mwanzo wa ubeti hadi mwisho, mahali pa kupanda akapanda, mahali pa kusubiri besi akasubiri, na hakuhama hata hatua moja. Alipomaliza alivua hedifoni, akaziviringisha taratibu kwenye kidole.

"Miaka minne," alisema, "nimejifunza sauti za watu wengine."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Evarista angejua la kufanya. "Niliyesema upelekwe nyuma ni mimi," alisema Evarista, mbele ya wote. "Nilikukosea. Kama nilivyowakosea wengine, lakini wewe zaidi."

"Najua ni wewe." Gloria alimrudishia Kasuku. "Mimi huyo mwalimu aliyesoma simtaki. Huyo atakuja na kanuni zake. Nakutaka wewe uliyekubali umekosea bila kushikwa. Ila kukaa nyuma na Liberatus kumenichosha. Ananiziba mwanga."

Liberatus akasema ameipokea hoja, na kwamba yeye mwenyewe sikio moja lilishaanza kufa kwa sauti ya jirani.

Siku nne zile Kasuku hakulala. Alizunguka asubuhi, mchana na jioni, L kushoto, na Jumamosi kwenye basi la kwenda Mbeya watu wa Igowole na Makambako walioomba lifti ya viti vya nyuma walishuka wakiujua ubeti wa tatu.

Jumapili Mbeya iliwapokea kwa baridi na kanisa lililojaa. Walipokuwa wanajipanga, Evarista aliona mtu mfupi akiingia kwa mlango wa pembeni, suruali imebadilika rangi kwa vumbi la Chunya, akiomba nafasi kwenye benchi la mbele. Ujumbe ulimfikia Bartholomeo Ijumaa, alipopanda mlima kumpigia mkewe, na neno "hasemi" lilimtisha mpaka akaacha shimo na shemeji. Aliketi. Akawahesabu wanakwaya wake kwa macho kama alivyozoea, akafika mstari wa mbele, katikati, akamkuta Gloria. Evarista aliona nyusi zake zikipanda. Akainua mkono, akaanzisha wimbo.

Beti mbili zilikwenda kama walivyozipika. Ubeti wa tatu ulipofika, sauti nne zikaachana, kila moja ikashika njia yake, na juu yao wote ikasimama ya Gloria, palepale ilipoandikiwa kusimama. Evarista hakujua alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yalipomuuma. Bartholomeo kwenye benchi alikuwa amefumba macho, midomo yake ikiimba zote nne.

Baada ya Misa aliwafuata nje, akawasalimia mmoja mmoja, akamwacha Gloria wa mwisho.

"Hukuhama," alisema.

"Sikuhama, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakufundisha?"

"Kasuku. Ila Eva ndiye aliyenivalisha." Gloria akamweleza yote, kwa ufupi wa fundi anayepima kiuno: umeme, Kyela, lefti. Evarista alisimama kando amemshika Kasuku, tayari kumtetea Gloria kama itabidi, na akajikuta haogopi.

Bartholomeo alisikiliza hadi mwisho. Akaomba kuziona hedifoni. Akaishika ile ya L, akaitazama ilivyopinda, akaijaribu taratibu sikio la kushoto, ikaingia yenyewe. Alikaa nayo hivyo muda, mtu mzima amesimama juani bila muziki wowote unaolia, huku kwaya nzima ikimtazama.

"Kumbe," alisema, akilisugua sikio lake la kulia. "Nami nilidhani haya maumivu ni uzee."